Ukaguzi wa Mikono ya Wafu

Nilikubali kazi ile kwa sharti moja: kwamba hata wafu wavae sare kamili.

Binti yangu alikuja nyumbani na rundo la karatasi zilizobanwa kwa pini, akaliweka juu ya meza ya kulia, kisha akakaa kimya kama alivyokuwa akikaa utotoni alipoleta ripoti ya shule yenye doa. Yeye ni mwongozaji wa filamu. Hana kampuni, hana ofisi, hana mfadhili. Ana kamera moja, marafiki wanne, na ukaidi ambao marehemu mama yake alidai kuwa umetoka upande wangu. Filamu zake mbili za mwanzo sikuzitazama. Zilikuwa za mazombi, nami sikuona sababu ya kuwatazama watu waliokosa hata adabu ya kubaki kaburini.

"Hii ni ya historia, Baba," alisema. "Imewekwa shuleni kwenu. Enzi zenu."

Hapo nikavaa miwani.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Katika mwaka wa homa, wanafunzi wa shule ya bweni wanakufa mmoja baada ya mwingine na kuzikwa kwenye nyasi nyuma ya mabweni. Wiki mbili baadaye, kengele ya chakula inapogongwa, wanafufuka wakiwa na njaa, wanavuka uwanja, wanavamia bwalo na kumla mwalimu wa zamu. Mwaka ule niliukumbuka vizuri. Nilikuwa kidato cha pili, na shule ilifungwa kwa muhula mzima.

"Hakufa mtu," nikamwambia. "Alikufa mbuzi wa mwalimu mkuu, tena kwa sababu nyingine."

"Ndiyo maana inaitwa filamu, Baba."

"Na mwalimu wa zamu alikuwa akila kwake. Hakuwa akila bwaloni."

Akachukua kalamu akaandika pembeni mwa karatasi. "Kumbe umeshakubali," akasema.

Nikawa mshauri wa historia. Nilitekeleza wajibu huo kama nilivyotekeleza kila wajibu niliopewa maishani, yaani bila kumhurumia mtu. Nilikataa kaptura zenye zipu, kwa kuwa enzi zetu zilikuwa na vifungo vinne. Nilikataa sahani za plastiki, zikatafutwa za bati. Nilipoambiwa kwamba chakula cha mezani kingekuwa cha kuigiza, nilisema waziwazi kuwa tukio lile hutokea Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya nyama. Ipikwe nyama, na maharage, katika masufuria makubwa. Fundi sauti alipojitolea kuweka mlio wa kengele kutoka kwenye kompyuta yake, nilimjibu kuwa kengele ya kompyuta haina mamlaka. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli, kilichoning'inizwa kwa mnyororo kwenye pembe ya jiko, na kilikuwa bado kipo. Nyundo yake ilikuwa kwangu. Nilikabidhiwa siku ya kuhitimu, mbele ya shule nzima, kwa kuwa nilikuwa kiranja mkuu.

Vilevile mimi ndiye niliyeleta wafu. Binti yangu alihitaji wengi, nami nilitaka watu wanaojua nani alikaa meza gani. Niliwaandikia wahitimu wenzangu barua arobaini na moja, kwa mkono. Ishirini na watatu walikubali. Wengine walikuwa wagonjwa, na kumi na wawili walikuwa wamekwisha kufa kweli, jambo ambalo mpambaji wa sura za wafu alilisikitikia kwa namna ambayo sikuipenda.

"Hadithi yako inasema wamekufa wakiwa na miaka kumi na mitano," nilimkumbusha binti yangu. "Jaji ana sabini na mbili."

"Wamekaa ardhini, Baba."

"Wiki mbili."

"Udongo wa pale ni mkali."

Kulikuwa na shida moja isiyo na mzaha. Shule ilikuwa imehamishwa, na majengo ya zamani yalikuwa yakibomolewa. Mabweni mawili yalikuwa yamekwisha kuwa kifusi. Bwalo lilikuwa lifuate. Binti yangu alikuwa amezunguka ofisi hadi viatu vikaisha soli, akapewa siku moja, mwisho saa kumi alasiri. Filamu nzima ilikuwa tayari, kazi ya miaka mitatu, isipokuwa tukio hilo la mwisho. Na kwa kuwa kila upande mwingine ulikuwa matofali na vumbi, alilazimika kulipiga kwa mkupuo mmoja bila kukata: kamera ianze kwenye nyundo na reli, ifuate wafu kutoka kwenye nyasi, ivuke nao uwanja, ipite mlangoni, ifike mezani.

"Nikilikosa hilo," aliniambia usiku wa kuamkia siku ile, "nina saa moja na nusu ya watu wanaokwenda mahali wasipofika."

Wahitimu walifika saa mbili asubuhi kamili. Hakuna aliyechelewa. Ni jambo la kunyenyekesha kumwona jaji mstaafu ndani ya kaptura yenye vifungo vinne, na daktari wa upasuaji akivuta soksi juu ya magoti yanayotetemeka. Mpambaji, dada mmoja mwenye mikono myepesi, aliwafanyia kazi kwa saa nne. Kwa gundi, unga na sharubati nyekundu aliwaozesha mashavu, akawapaka tope hadi viwikoni, akawabandika kucha za mpira zilizokuwa zikining'inia. Nami nilipita nyuma yake nikiwavua saa za mkononi. Jaji alitaka kubaki na kifaa chake cha masikioni.

"Mwaka ule hakikuwapo," nikamwambia.

"Sasa nitasikiaje kengele, Kiranja?"

"Kengele ile utaisikia hata ukiwa mfu."

Wa mwisho kukaa kitini pa mpambaji alikuwa mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja. Wenzake humwita Kijiko. Nitalieleza jina hilo kwa kuwa linanihusu. Mwaka wangu wa mwisho, yeye alikuwa kidato cha kwanza, mfupi kuliko wote. Hakuna aliyeingia bwaloni bila kiranja mkuu kumkagua mikono, na ukaguzi ulianzia nyuma, kwa warefu, ili wafupi wajifunze subira. Jumamosi moja ya nyama alifika mbele yangu akiwa na wino vidoleni. Nikamrudisha akanawe. Akarudi. Nikamrudisha tena. Mara ya tatu aliporudi, nilikuwa nimeufunga mlango. Nilitamka mbele ya mstari mzima kwamba kwa kiranja hakuna ndugu, na mwalimu mkuu aliyarudia maneno hayo siku aliponikabidhi nyundo.

Tangu siku hiyo, mdogo wangu hutembea na kijiko kwenye mfuko wa shati. Na tangu siku hiyo hajapata kula kwangu. Huja, hukaa, hunywa maji, husema ameshiba, huondoka. Alikuja hata kwenye harusi yangu akiwa ameshiba. Hatujagombana kamwe.

"Baba Mdogo, kijiko tunakiacha?" binti yangu alimuuliza.

"Muulize mshauri wa historia," alijibu, akiutazama ukuta.

Nilifikiri kidogo. "Vijiko vilikuwapo," nikasema.

Dereva wa tingatinga la kubomolea alifika saa sita, akaliegesha nyuma ya bwalo, akashuka na karatasi yake. Kwenye kona ya jiko akawakuta watu ishirini na watatu wenye nyuso zilizooza, wamekaa kwenye mabenchi wakinywa chai kwa mirija ili wasiharibu midomo. Alisita. Nadhani alitaka kukimbia, lakini malezi yakamshinda.

"Shikamooni, wazee," akasema.

"Marahaba!" wafu wakajibu kwa pamoja.

Akamgeukia binti yangu. "Dada, mimi sina neno na filamu yenu. Lakini saa kumi ni saa kumi. Ukuta wa kwanza unalala."

Nilimpenda papo hapo.

Saa saba na nusu tulikuwa tayari. Wafu walilala kwenye nyasi, wengine wakisaidiwa kulala. Ndani ya bwalo meza zilikuwa zimepangwa, masufuria yakitoa mvuke, na mwalimu wa zamu, kijana mwembamba aliyefunga tai na ambaye ndiye aliyekuwa mwigizaji pekee wa kweli, alikuwa akifanya mazoezi ya kupiga mayowe. Binti yangu alibeba kamera mwenyewe begani. Mimi nilisimama kwenye reli na nyundo yangu, kwa kuwa nilikuwa nimekataa mtu mwingine aishike. Nilivaa koti langu la kiranja. Vifungo havikufunga, lakini koti lilikuwa lenyewe.

"Haya, Baba. Gonga!"

Nikagonga.

Lazima niseme kwamba walianza vizuri sana. Waliinuka kwenye nyasi wakiguna, wakikokota miguu, shingo zimelala upande. Hata mimi niliyewajua kwa majina nilihisi baridi mgongoni. Katika pigo la tatu miguno ikapungua. Katika pigo la tano shingo zikanyooka. Nilipofika pigo la saba, wafu wote ishirini na watatu walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa bwalo, mstari mmoja, kwa urefu, mikono nyuma. Mmoja alikohoa, wenzake wakamtazama hadi akanyamaza.

Machozi yalinilenga. Nusu karne ilikuwa imepita, na mstari ule ungeweza kupigiwa rula.

"Kata!" binti yangu akapaza sauti. "Wazee wangu, mnafanya nini?"

Hawakumsikia, maana daktari alikuwa akidai nafasi nyuma ya jaji.

"Mimi nilikuwa mrefu kuliko wewe miaka yote."

"Ulikuwa. Umepungua. Simama hapa, tukupime kwa bega."

"Nimepungua kwa sababu mimi nimekufa!"

"Na mimi je?"

Tulirudia. Mara ya pili binti yangu aliniambia nisigonge. Angetoa ishara kwa kitambaa, na mlio wa kengele tungeuongeza baadaye. Alipunga kitambaa. Wafu wakakitazama kwa heshima, bila kujua wakifanyie nini, hadi mmoja wao alipouliza kama binti anatafuta usafiri. Walipoanza hatimaye kutembea, walikwenda vyema hadi hatua kumi kutoka mlangoni. Mlango ule waliujua. Wakapanga mstari.

Mara ya tatu aliwapigia kelele. "Kimbieni! Kimbieni, wazee!"

"Tukimbie twende wapi, binti?" jaji akauliza.

"Ndani! Mna njaa! Mkamle mwalimu!"

"Tunaelewa. Lakini hatujakaguliwa."

Wengine wakatikisa vichwa kuafiki, sikio la mmoja likaanguka. Mpambaji akalifukuzia kwenye vumbi.

Saa ilikuwa nane na robo. Binti yangu alifuta jasho, akanijia, akasema kwa upole ule aliourithi kwa mama yake: "Baba, basi wakague. Wakague uwaruhusu, nitapiga hivyo hivyo na mstari wao. Ilimradi waingie."

Alikuwa ameniomba nikague. Nikakagua.

Nilianza nyuma, kwa warefu, kama kanuni isemavyo. Mbele yangu alisimama jaji, viganja juu. Tope hadi viwikoni. Damu, au sharubati. Ukucha mmoja ulikuwa ukining'inia kwa uzi. Nilimtazama machoni, naye akatazama chini.

"Rudi ukanawe," nikasema.

Na jaji akarudi akanawa. Sikushangaa, wala yeye hakushangaa. Bomba lilikuwa palepale lilipokuwa zamani, likilia vilevile likifunguliwa. Akafuata daktari, naye nikamrudisha. Akafuata mhandisi, akafuata mwalimu mkuu mstaafu wa shule nyingine, na hao wote niliwaona wachafu kupindukia. Nilikuwa nimewarudisha kumi na tisa pale niliposikia ukelele kutoka upande wa bomba. Alikuwa mpambaji, ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, akiitazama kazi yake ya tangu asubuhi ikiteremka kwenye mfereji. Wafu walikuwa wakisuguana kucha kwa jiwe, kama tulivyokuwa tukifanya.

"Wazee, nawaombeni! Msinawe! Nyinyi ni mizoga!"

"Kiranja amesema," mhandisi akamjibu bila kugeuka.

Dereva wa tingatinga, aliyekuwa ameketi kwenye kivuli cha mashine yake, akatazama saa. "Tisa kasoro ishirini," akasema, si kwa ubaya.

Binti yangu alinishika kiwiko akanipeleka nyuma ya jiko. Alikuwa hajanishika hivyo tangu mazishi ya mama yake.

"Baba, umefanya nini?"

"Mikono ilikuwa michafu."

"Ni michafu kwa sababu wametoka kufukua kaburi!"

"Sababu haijapata kuwa na nafasi katika ukaguzi."

Alifumba macho. Alipoyafumbua hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Unadhani nilikuita kwa ajili ya vifungo?" akasema. "Vifungo ningevisoma kwenye picha za zamani. Nilikuita ili mara moja tu uone mwanao anafanya nini. Siku nzima umetazama magoti ya watu na saa zao. Kamera hujaitazama. Mimi hujanitazama. Sasa nina wafu wenye nyuso zilizooza na mikono kama ya wakunga, vipodozi vimekwisha, na muda ninaobakiwa nao unatosha kupiga mara moja tu. Siwezi kuwaamrisha watu hawa. Nimejaribu. Ni wewe peke yako unayeweza kuufungua mlango ule." Akashusha kamera begani kidogo, akairudisha. "Wakibaki nje, Baba, filamu yangu haina mwisho. Hilo tu."

Nilitaka kumwambia kwamba kanuni ikilegezwa mara moja si kanuni tena. Nimelisema jambo hilo kwenye mahafali matatu. Lakini alikuwa amekwisha kuondoka, akiwarudisha wazee nyasini kwa mkono mmoja na kuwafuta matone ya maji kwa mwingine.

Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano. Dereva alipanda mashine yake, akaiwasha ipate moto. Bwalo likaanza kutetemeka, na vumbi likadondoka kutoka darini ndani ya maharage.

"Gonga, Baba."

Niligonga mapigo saba. Wafu waliinuka, wakaguna, wakavuka, wakapanga mstari. Kamera ilikuwa nyuma yangu nilipotembea kuelekea mlangoni. Hatua zangu nilizisikia mwenyewe. Kwa mujibu wa kanuni ningeanzia kwa jaji. Sikuanzia kwa jaji. Nilikwenda moja kwa moja mbele, kwa yule mfupi kuliko wote, ambaye zamu yake haikuwa imefika na hivyo hakuwa amenawa.

Mdogo wangu alitoa mikono yake, viganja juu.

"Kagua, Kaka."

Tope. Sharubati. Ukucha wa mpira. Akageuza, nami nikaona chini ya tope, kwenye kidole cha shahada na cha kati, kitu ambacho mpambaji hakukipaka. Kilikuwa wino. Wa buluu, mbichi, wa asubuhi ile ile. Aliupaka nyumbani kwake kabla ya kuja, mzee wa miaka sitini na saba, akakaa nao kimya siku nzima.

"Wino hautoki kwa maji," akasema.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

Kamera ilikuwa sikioni pangu, ikinguruma taratibu. Nyuma ya ukuta tingatinga lilikohoa.

"Nilijua hata siku ile," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa kipimo alichokipima mwenyewe zamani. Shavu lake la unga lilipasuka kidogo karibu na mdomo. "Basi?" akauliza.

"Ingia."

"Sema kwa sauti. Siku ile ulisema kwa sauti."

Niliugeukia mstari. Sikuwa nimepaza sauti yangu ile kwa miaka hamsini na miwili, na sikuwa na hakika kwamba bado ipo. Ilikuwapo. "Ingieni!" nikasema. "Wote! Kama mlivyo!"

 Kisha ikatoka kwenye mstari ule sauti ambayo hakuna mwongozaji angeweza kuifundisha, maana haikuwa ya kuigiza. Walinipita kama mafuriko. Mmoja alinikanyaga, mwingine alipoteza fimbo yake wala hakuitafuta. Jaji, aliyekuwa amenawa hadi viwikoni, alikimbilia kwanza kwenye dimbwi la bomba, akachovya mikono yote miwili matopeni, akaitazama kwa furaha, ndipo akaingia akiwa wa mwisho, kaptura ikimshuka. Mlango ulitoka kwenye bawaba zake. Binti yangu aliingia pamoja nao kinyumenyume, kamera begani, bila kujikwaa hata mara moja. Na hapo, nakiri, nilimtazama.

Kwa mujibu wa hadithi walipaswa kumrukia mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu alisimama juu ya kiti akipiga mayowe ya hali ya juu. Wafu walimpita. Hakuna aliyemtupia hata jicho. Walikwenda kwenye meza zao, ya kwanza hadi ya nne, kila mmoja mahali pake, wakasukuma mabenchi, na bila sala wala ruhusa wakatia mikono yao kwenye masufuria. Walikula nyama kwa mikono ile. Walinyang'anyana. Daktari wa upasuaji alimpiga mhandisi kwa mfupa. Mwalimu wa zamu aliendelea na mayowe hadi pumzi ikamwishia, akabaki amesimama kitini, hana kazi, hadi mfu mmoja alipomhurumia akamsogezea sahani. Akashuka akala.

Binti yangu hakusema kata.

Mdogo wangu alikuwa amekaa mwisho wa meza ya nne, karibu na mlango, mahali pa kidato cha kwanza. Alitoa kijiko mfukoni, akakifuta kwenye kaptura, akala kijiko kimoja, cha pili, cha tatu. Hakuharakisha. Mimi nilikuwa bado nimesimama kizingitini, maana kiranja huingia mwisho. Nikainua mguu.

"Simama hapo," mdogo wangu akasema, mdomo umejaa. "Mikono."

Nilimtolea. Wafu wa meza ya nne wakaacha kutafuna.

Alinishika vidole, akavigeuza, akaviinua kwenye mwanga. Mikono yangu ilikuwa safi, kama inavyokuwa daima. "Hii ni safi mno," akasema. "Rudi ukachafue."

"Endelea kula, tusicheze. Ukuta unaanguka."

"Kaka. Rudi ukachafue."

Nikarudi. Nilivuka uwanja hadi kwenye bomba, kamera ikinifuata mlangoni, nikapiga goti na suruali yangu iliyopigwa pasi, nikaingiza mikono kwenye dimbwi. Lilikuwa baridi. Ni wakati ule ndipo nilipoiona saa yangu ya mkononi, yenye tarakimu zinazowaka kijani, maana niliwavua wenzangu wote zao nikaisahau yangu. Imo kwenye filamu kwa sekunde kumi na moja. Ilionyesha saa tisa na dakika hamsini na nne. Sikuivua. Niliingiza mikono tena, hadi kwenye mkanda wa saa, nikachota tope nikajipaka hata chini ya kucha.

Niliporudi, mdogo wangu alikagua upande mmoja, akageuza, akakagua wa pili. Alichukua muda wake. Dereva wa tingatinga alikuwa ameshuka kutuambia kwamba muda umekwisha, akasimama nyuma yangu, kofia mkononi, akidhani ule ni mstari.

"Ingia," mdogo wangu akasema, kisha akamtazama dereva mikono yake ya grisi. "Na wewe. Hiyo ni mizuri sana."

Tulikaa. Alinisogezea sahani ya bati, akanipa kijiko chake. Vumbi la darini lilikuwa kwenye mchuzi, ukuta wa nyuma ulikuwa umeanza kupata ufa, na mahali fulani juu ya vichwa vyetu binti yangu alikuwa akicheka kimyakimya, kamera ikitikisika begani.

Mahali hapo katika filamu pamelalamikiwa na wengi. Wanauliza mfu anayekula maharage anatisha vipi, na yule mzee mwenye koti na saa ametoka enzi gani. Kuhusu saa, kosa ni langu nami nimeliandika. Lakini nyama niliionja. Ilikuwa imepoa, nusu yake mafuta, na ngumu kama soli ya kiatu, hivyo hivyo kama enzi zetu. Kwa hilo, nikiwa mshauri wa historia, nathibitisha kwamba filamu ya binti yangu ni sahihi.